Mkwe, Punda na Maji ya Mchangani

Anyesi alikuwa na mkwe mzuri, na uzuri wa mkwe huyo nusura uwakoseshe watu wa Chiwondo maji.

Mkwe mwenyewe, Halfani, hakuwa Mgogo kama wao. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtoto wa wakulima wa alizeti, aliyekuja Dodoma kusoma chuo kikuu na humo chuoni akakutana na Devota, binti wa Anyesi. Walifunga ndoa bomani, ili wazee wa msikitini na wa kanisani wanune sawasawa. Walinuna, kisha mjukuu akazaliwa, wakaacha. Lakini kabla ya ndoa, mjomba mmoja wa Devota, mzee Nikodemo, mtu wa kupenda kusikilizwa, alimweka kijana chini akamfunda desturi za ukoo. Mkwe mwanamume haonani uso kwa uso na mama mkwe wake. Hamsalimii, hapokei kitu mkononi mwake, na wakikutana njiani anaacha njia. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa wa tatu, hata kama wote wanasikiana vizuri. Atakayevunja mwiko huo anatoa mbuzi.

Alichosahau kusema mzee Nikodemo ni kwamba siku hizi wenyewe wameilegeza desturi hiyo hadi imebaki jambo la kutaniana harusini. Halfani angejuaje? Kwao alifundishwa kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho; yeye akafumba yote mawili. Kila alipokuja Chiwondo na kuiona kanga ya Anyesi ikitokea mbele, alijitosa kwenye shamba la uwele kama mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Na Anyesi, tuseme ukweli, alipendezwa. Wanawake wenzake walikuwa na wakwe wa kuwaomba vocha na kuwalalia sebuleni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mkwe wa kumkimbia. Akaona naye aitunze heshima hiyo asije akaonekana hajui mambo, kwa hiyo akimwona Halfani kabla hajaonwa, alikimbia yeye. Miaka ikapita hivyo, mmoja kaingia uwele wa kushoto, mwingine mtama wa kulia, na njia imebaki tupu.

Kisha watu wa gesi wakaja.

Gesi yenyewe, walivyoelezwa wanakijiji katika mkutano wa kwanza, haikukaa chini kama maji mtungini. Ilijifungia ndani ya mwamba wa tope gumu, huko chini sana, na mwamba huo hauiachii mpaka uchorongwe na kupasuliwa kwa maji mengi yaliyotiwa dawa. Kampuni ilitaka kwanza kuchoronga shimo moja la majaribio. Vijana waliuliza ajira, wazee wakauliza barabara. Anyesi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, aliuliza hayo maji mengi yatatoka wapi katika nchi ambayo ng'ombe huota mvua. Akajibiwa kwamba mtaalamu wa mazingira atakuja kuvitazama vyanzo vya maji kabla ya lolote, na kwamba yeye mwenyewe, Mama Mwenyekiti, ndiye atakayempeleka.

Mtaalamu alikuja mwezi wa tatu. Anyesi alivaa kanga mpya, akasimama barabarani tangu asubuhi. Gari likafika, mlango ukafunguliwa, na miguu iliyoshuka ilikuwa ya Halfani. Alikuwa ameajiriwa na kampuni hiyo hivi karibuni, ofisi zake ziko Ihumwa, na hakuna aliyemwambia Anyesi kwamba mtaalamu ndiye huyo. Anyesi alijifunika uso akageuka, akapitia kwenye mtama hadi nyumbani. Halfani naye aliitambua kanga kwa mwendo wake, akazunguka nyuma ya gari. Mtendaji wa kijiji alikuwa mjini kwenye semina. Mawingu yalipoanza kuwa meusi upande wa Mvumi, dereva akasema wasipowahi watalala na tope, wakaenda hadi ukingoni mwa korongo peke yao, wakaona maji ya udongo yakipita kutoka ukingo hadi ukingo, wakaondoka.

Sasa, visima vya Chiwondo havionekani masika. Mvua zikiisha na korongo likikauka, kila nyumba hufukua kisima chake kwenye mchanga, palepale pa mwaka uliopita, huchimba mpaka maji yajitokeze yenyewe, halafu hukizungushia miiba ili mbuzi wasiingie. Mafuriko ya kwanza ya msimu unaofuata huvifuta vyote. Mtu akipita mwezi wa tatu ataapa kwamba hapo hapajawahi kuchimbwa kitu. Anyesi alidhani mtendaji aliporudi alivionesha. Mtendaji alidhani Anyesi kavionesha. Halfani alidhani kama kungekuwa na cha kuoneshwa, angeoneshwa. Basi watu watatu wenye akili timamu wakalala usingizi mzuri hadi mwezi wa sita.

Aliyewaamsha ni Stanley, kitinda mimba wa Anyesi. Jioni moja alirudi nyumbani akipiga mluzi, akakaa mbele ya ugali wa uwele na mlenda, akasema amepata kazi kwenye mtambo wa kuchoronga gesi, na leo hii wameanza kwa kupigilia vigingi.

"Mmevipigilia wapi?" Anyesi aliuliza.

"Ukingoni mwa korongo, pale kwenye jiwe kubwa. Mtambo utakaa juu, na chini yake watachimba bwawa la kumwagia tope la kuchorongea. Kesho saa nane kijiji kinapitisha kwenye mkutano, keshokutwa tunaanza kufyeka."

Tonge la Anyesi liliishia njiani. Chini ya jiwe kubwa ndipo palipokuwa na visima, chake na vya nyumba zote za upande ule, vingine vimefukuliwa wiki iliyopita tu. Tope lenye dawa lingekaa juu ya maji ya kunywa.

Stanley aliona uso wa mama yake akaacha kula. "Mama, nakuomba. Meneja amesema wakikorofishwa hapa, wanahamia kijiji kingine. Nimezunguka na vyeti vyangu Dodoma nzima. Usiniharibie."

"Nani anataka kukuharibia?" alisema Anyesi.

Hakuwa mtu wa kupinga gesi. Alitaka kijana wake ashike kazi karibu na nyumbani, na kama gesi ingetoka siku moja ikampunguzia safari za kuni, angeipokea kwa mikono miwili. Ila maji hayana mbadala. Na palikuwa na jambo lingine, lililomuuma zaidi kwa kuwa hakuweza kumwambia mtu. Ripoti iliyosema hakuna visima ilikuwa ya Halfani. Akisimama kesho mbele ya kijiji na meneja na kusema visima vipo, atakuwa amemvua mkwe wake nguo hadharani, mkwe aliyemheshimu kuliko wakwe wote wa wilaya ya Chamwino. Akinyamaza, watu watakunywa tope.

Akampigia Devota. Nyuma ya sauti ya binti yake mtoto alikuwa akilia kwa nguvu.

"Mama, mimi nikimwambia haitoshi," alisema Devota baada ya kusikiliza. "Hawezi kubadilisha ripoti kwa maneno ya mke wake. Lazima kamati imfikishe mahali penyewe, aone, apige picha. Na kamati ni wewe."

"Najua kamati ni mimi."

"Basi mwoneshe. Nyie wawili mnanichosha, nawaambia ukweli. Nimezeeka kwa kuwapelekea salamu."

"Mwambie aje asubuhi, mapema," alisema Anyesi. "Nitakuja na Batuli atusemee."

Batuli alikuwa jirani yake, Mrangi aliyeolewa hapo kijijini, mwenye mdomo wa kutosha kusemea watu kumi. Asubuhi ile Anyesi alimkuta hayupo. Lori la kwenda mnadani Kongwa lilikuwa limepita mapema kuliko kawaida, na Batuli na kuku wake walikuwa wamekwenda nalo. Anyesi alisimama uani akiwa hana msemaji. Mbele yake palikuwa na punda wake tu, akisubiri kufungwa madumu.

Punda huyo aliitwa Diwani, kwa sababu ukimwita haitiki mpaka asikie pumba. Anyesi alimtazama kwa muda, akamfunga madumu, akamtoa.

Halfani alikuwa tayari kwenye njia ya korongoni, amesimama ameupa kijiji kisogo, mabega yamekakamaa. Anyesi alisimama mbali kidogo. Jua lilikuwa bado halijapata ukali na upepo wa Dodoma ulikuwa unawapeperushia wote wawili vumbi lilelile.

"Diwani," Anyesi alisema kwa sauti, akimshika punda sikio, "twende. Mwenye haja ya kuona visima atatufuata."

Halfani akakohoa. "Diwani, mwambie mama nafuata. Na mwambie mtoto ameota meno mawili ya chini."

Anyesi alikaribia kugeuka. Alijizuia kwa kuivuta kanga. "Diwani, mwambie baba wa mtoto asante kwa habari njema. Na mwambie mtoto asipewe chumvi."

Wakashuka, Anyesi mbele, punda katikati, mkwe nyuma. Wanawake waliokuwa wanarudi na ndoo waliwapisha bila kucheka, kisha wakacheka walipofika mbali. Korongoni Anyesi aliiondoa miiba ya kisima chake, akasogea pembeni, akageukia ng'ambo. Alisikia viatu vya Halfani vikizama mchangani, akasikia simu yake ikipiga picha, kisha hatua zikaenda kwenye kisima cha pili, cha tatu, zikaendelea mpaka chini kabisa. Aliporudi alikaa palepale mchangani kama mtu aliyechoka.

"Diwani," alisema, "mwambie mama, mwezi wa tatu nilisimama pale juu kwenye jiwe na sikuona hata kimoja. Na mwambie nilimwona alipogeuka kurudi. Nilifurahi. Nilikuwa nimeogopa tangu Ihumwa nisije nikamkosea."

Anyesi alipapasa shingo ya punda. "Mwambie hata mimi nilifurahi, Diwani. Ndio ubaya wenyewe."

Punda alipiga chafya, akaanza kula majani ya ukingoni.

Anyesi alikuwa ameshafikiria la kufanya. Alieleza kwamba vigingi vingesogezwa tu, vipelekwe pale kwenye mti wa mgunga, mbali na visima, na kila mtu angebaki na chake. Halfani alitikisa kichwa, akakumbuka hatazamwi, akasema hapana. Akaokota kijiti akachora mchangani, na Anyesi akachungulia kwa pembeni ya kanga. Maji haya, alieleza Halfani, hayakai kisimani. Yanatembea chini ya mchanga kutoka juu huko, na kila kinachomwagwa upande huu wa mteremko, hata pale kwenye mgunga, siku moja kitashuka kuyafuata. Mtambo uvuke mgongo wa kilima, uende upande unaotazama mbuga, ambako hakuna mtu wala kisima. Bwawa lisichimbwe kabisa. Tope liingie kwenye matangi ya chuma na kubebwa. Na maji ya kuchorongea yaje na maboza kutoka nje, lisichotwe hata dumu moja hapa.

Anyesi alikuwa ameyachota maji hayo tangu utoto wake, na hakuwahi kujua kwamba yanatembea. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu.

"Na kampuni itakubali?" aliuliza, akasahau kumtaja punda.

Halfani naye alijibu bila kumtaja. "Huko ng'ambo hakuna barabara. Mtambo hauwezi kupanda bila njia, na meneja ana haraka. Anaweza kusema basi, akaondoka."

Wote wawili walishtuka kwa walivyoongea, wakamgeukia Diwani kwa pamoja. Anyesi alichota maji kwa kata, akaiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma. Halfani akaja, akaichukua, akanywa yote.

"Mwambie mama maji ni matamu," alisema.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Meneja wa uchorongaji, Fredy, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mtambo uliokodiwa kwa siku. Alitabasamu, akashukuru, akamwita mtaalamu wake asome taarifa ili kijiji kipitishe.

Halfani alisimama akiwa ameelekea ubaoni, kwa sababu Anyesi alikuwa ameketi dawati la mbele. Akauambia ubao kwamba taarifa ile ina kosa. Visima vipo, amevipiga picha asubuhi hii, na eneo lililowekwa vigingi halifai. Akaueleza ubao habari ya kilima, matangi na maboza. Vijana wa nyuma wakaanza kunung'unika. Stanley alikuwa ameinamisha kichwa kwenye dawati.

Fredy hakutabasamu tena. "Mtaalamu alifikaje hapo mwezi wa tatu akashindwa kuona visima vya kijiji kizima?"

"Ni kosa langu," alisema Halfani.

"Basi hilo tutalizungumza ofisini."

Alilisema taratibu, lakini hakuna aliyekuwa darasani ambaye hakuelewa maana yake. Anyesi alielewa kuliko wote. Visima vilikuwa vimeshaokolewa, au karibu. Angeweza kukaa kimya akaenda zake nyumbani, na heshima yake yote ikabaki kamili, na mkwe wake akarudi Ihumwa bila kazi, kwa mtoto mwenye meno mawili. Alihisi aibu inampanda kama homa. Mtu huyu alikuwa anaadhibiwa kwa sababu ya adabu zake, tena adabu alizomfanyia yeye.

Akajinasua kutoka kwenye dawati, jambo lililochukua muda, akaenda mpaka ubaoni, akasimama nyuma ya mgongo wa mkwe wake.

"Halfani," alisema. "Geuka, baba. Watu hawaji mkutanoni kutazama visogo."

Halfani aligeuka akiwa amefumba macho, kisha akayafumbua, na kwa mara ya kwanza mama mkwe na mkwe wakatazamana. Anyesi alishangaa kuona jinsi alivyo kijana. Akamgeukia Fredy.

"Meneja, wa kumwonesha visima nilikuwa mimi. Nilikuwa barabarani na kanga mpya. Nilipoona mtaalamu ni mkwe wangu, nikakimbilia kwenye mtama. Na yeye akajificha nyuma ya gari lenu. Hivyo ndivyo visima vilivyopotea. Ukimfukuza, nifukuze na mimi kwenye kamati."

Aliyeanza kucheka ni Batuli, ambaye lori lilikuwa limemrudisha muda si mrefu na alikuwa amesimama mlangoni na kapu tupu. Kicheko kilisambaa kutoka mlangoni hadi mbele, kikamfikia Fredy, akajaribu kukizuia, kikamshinda. Mzee Nikodemo peke yake hakucheka. Alinyanyuka akakumbusha kwamba mwiko umevunjwa mbele ya mkutano halali na mbuzi lazima atoke.

"Mbuzi atatoka," alisema Anyesi. "Lakini kwanza barabara. Meneja, shida yako ni njia ya kupanda kilima?"

"Njia ndiyo, mama. Nikisubiri greda mpaka lipatikane, siku za kukodi mtambo zimeshaisha."

"Hapa tukilima shamba la mtu tunaalikana, linaisha siku hiyohiyo. Sisi tutafyeka na kung'oa mawe mpaka mtambo wako upite. Wewe utavuka kilima, utaleta matangi na maboza, na vijana wetu watabaki kazini. Na kamati itavipima visima kila wiki pamoja na huyu mtaalamu wako. Maji yakibadilika ladha, unasimamisha."

Fredy alitaka kuona kwa macho yake, na jioni ile alishuka korongoni, akapanda kilima, akarudi na mbigili kwenye suruali yote. Akapiga simu ndefu, akauliza bei za matangi, akahesabu kichwani, akasema sawa. Mtendaji aliyaandika masharti, na mkutano uliokuwa ukimsubiri ukayapitisha. Kama chini ya kilima kuna gesi au kuna mwamba tu, hakuna aliyejua, na Anyesi hakuona haja ya kukonda kwa hilo. Stanley alimbebea ndoo zake usiku ule bila kuambiwa.

Jumamosi kijiji kizima kilipanda kilima na mapanga na majembe. Wanawake walitangulia na togwa, wazee wakatangulia na ushauri. Kufikia alasiri njia ilikuwa imetoboa hadi ng'ambo, si nzuri, lakini gari la kampuni lilipanda na kushuka likipigiwa vigelegele. Chini, karibu na nyumba ya Anyesi, mbuzi wa mwiko alikuwa jikoni. Mzee Nikodemo alikuwa amemchagua mwenyewe na sasa alikaa karibu na sufuria kuhakikisha desturi inaiva vizuri. Kwa mujibu wake, mbuzi huyo akishaliwa na pande zote mbili, ukwe wa kukimbiana umekwisha. Mwaka aliomfunda Halfani alikuwa amesahau kusema na hilo.

Halfani alikuja na Devota kutoka Ihumwa, akiwa amempakata mtoto. Anyesi alimwona anapandisha njia katikati ya mashamba yaliyovunwa. Hapakuwa tena na uwele wala mtama wa kujificha. Naye Halfani akamwona. Mguu wake mmoja ulitoka njiani kwa mazoea, ukakanyaga mabua, akaurudisha. Akaja mpaka mbele yake akasimama.

"Shikamoo, mama," alisema.

Anyesi aligeuza kichwa huku na huku kumtafuta punda. Diwani alikuwa mbali, kwenye mabua ya Batuli, anakula na hana habari na mtu. Ikabidi ajibu mwenyewe.

"Marahaba, baba," alisema. "Karibu nyumbani."

Akanyoosha mikono, na Halfani akamweka mtoto mikononi mwake.